Mapacha Wakubwa Wawili wa Kijiji Kimoja

Wakati wa vita nilikuwa natunza hifadhidata ya watoto waliopotezana na wazazi wao, katika biro moja, yaani ofisi, hapa Uvira. Kila mtoto alikuwa na mstari wake: jina, kijiji, mwaka wa kuzaliwa, na mahali alipo. Kila Jumamosi nilichukua nakala ya akiba ya wiki, nikaifungua kwenye kompyuta kuukuu niliyoiweka pembeni, nione kama kweli inafunguka. Mwenzangu, kijana aliyetuandikia programu, alinitania. "Dada, weye kila siku unaonja mboga. Utakula lini?" Nilimjibu vibaya, maana mafuta ya jenereta yalipatikana kwa shida na sikupenda kukumbushwa kwamba nayachoma kwa kuonja. Lakini nakala usiyowahi kuifungua ni matumaini tu, na mimi matumaini siyaweki kazini.

Siku moja akaja mama mkulima wa mpunga kutoka kijiji cha karibu na Luberizi. Nilimjua. Walipokimbia risasi alikuwa na binti zake mapacha. Mdogo alikuwa na homa, akambeba mgongoni. Mkubwa alimshika mkono, na katika kusukumana barabarani mkono ukamponyoka. Wiki iliyotangulia nilimwambia tumempata msichana anayefanana na maelezo yake, analelewa na familia moja upande wa mji wa Baraka, na kwamba akirudi nitamwambia boti itamleta lini. Sasa alikuwa amerudi na yule mdogo. Nikatafuta. Mashini ikasema mtoto ameshachukuliwa na jamaa zake.

"Jamaa yake ni miye," akasema. "Nani alimuchukua?"

Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, na kiti kilikuwepo. Mimi niliogopa sana, maana wakati ule mtoto aliweza kupotea mara ya pili akiwa ameshapatikana.

Nikamgeukia mwenzangu. "Umefanya nini humu ndani?"

"Nilisafisha marudio," akasema. Aliiambia mashini kwamba jina, kijiji na mwaka vikifanana, ni mtoto yuleyule, mistari iunganishwe. Aliifanya Jumatatu, bila kuangalia ni mistari ipi.

Hapa lazima nimweleze asiye wa kwetu. Kwa Warundi wa bonde la Ruzizi, pacha anayetangulia kuzaliwa ana jina linalomngojea, awe mvulana au msichana, na anayefuata vilevile. Mwenzangu mwenyewe ni pacha wa pili, mzaliwa wa kijiji kilekile cha yule mama. Kwao ukitaja jina la pacha mkubwa, hakuna anayekuuliza yupi. Mgeni angesita kidogo. Yeye alikijua kijiji chake mno. "Kwetu mwaka ule pacha mukubwa iko mumoja tu," akaniambia. Alisahau kwamba vita vilishusha watu wengi kutoka milimani hadi kijijini kwao, pamoja na mapacha wao, na mtoto mdogo ukimuuliza kwao ni wapi, anataja mahali alipolala mwisho.

Nilimtukana kidogo, kisha nikawasha ile kompyuta kuukuu. Nakala ya Jumamosi ilikuwa humo, wazi, kama nilivyoiacha. Mistari ilikuwa miwili. Pacha mkubwa mmoja alichukuliwa na mjomba wake anayekaa mtaa wa Kavimvira. Mwingine alikuwa bado upande wa Baraka, na aliyemwandikisha aliongeza kwamba ana kovu la moto gotini na kila siku anamuulizia mdogo wake.

"Kovu iko ku goti ya kuume," mama akasema kutoka sakafuni. "Ni uji ulimuchoma." Kisha akainuka, akakaa kwenye kiti.

Mwenzangu alitaka kurekebisha palepale, kwa haraka ileile iliyotuponza. Nikamshika mkono. Kwanza tusome kila mstari tutakaougusa, nikamwambia, na tusiithibitishie mashini kitu kabla hatujakiona sote wawili. Nikampa kila mtoto namba isiyosema lolote juu ya jina wala kwao, ndiyo iwe ufunguo wake, isibadilike kamwe.

"Mutoto si gunia ya kupewa namba," mwenzangu akanung'unika.

"Gunia likipotea tunanunua lingine," nikamjibu. Akavuta kiti, tukaanza kusoma, mmoja akitaja na mwingine akiangalia, mpaka mapacha wote wa bonde wakawa wametenganishwa.

Boti ilipofunga kwenye bandari ya Kalundu tulikuwa tumesimama wote wanne kati ya wapagazi na mabeseni ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mama akaita jina kwa sauti yake yote. Mpagazi mwenye gunia akageuka. Muuza samaki mmoja akageuka. Mzee aliyekuwa akishuka akaitika kabisa. Mwenzangu alicheka mpaka akafuta machozi, nami nikamsamehe hapohapo.

Msichana peke yake hakugeuka, maana alikuwa ameshaanza kukimbia. Mama alifungua mikono. Mtoto akampita, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akamuuliza kama homa iliisha.