Norzom Aliyeomba Tarehe

Katika chama cha wanawake cha kambi yetu ya wakimbizi hapa Dharamsala, mwenye sauti ndiye anayewekwa mbele, na Norzom aliwekwa mbele tangu siku ya kwanza. Akifungua kinywa pale njia panda ya sokoni, kunguru wanahama misonobari. Askari wa Kihindi wanaosimamia maandamano yetu walimwita Mama Sweta, maana majira ya baridi sisi hushuka miji ya tambarare kuuza sweta, na Norzom alikuwa ameshawavisha nusu ya kituo chao.

"Mama Sweta, leo pole pole, mkuu wetu anaumwa kichwa."

"Mwambie avae ile kofia niliyomuuzia. Azibe masikio, mimi niendelee."

Mzaha ulikuwa wa mdomoni tu. Bango alilobeba lilikuwa na picha ya mdogo wake wa kike, Choezom, akicheka huku ameshika chupa ya chai, macho karibu yamefumba. Norzom hakuipenda. "Dunia nzima itadhani anapiga miayo," alikuwa akisema. Lakini hakuwa na nyingine.

Wao ni watu wa Kham, jimbo la nchi yetu ng'ambo ya milima, ambayo sasa inatawaliwa na wageni. Norzom alivuka theluji kwa miguu na kundi la watu, akaacha vidole viwili vya mguu wa kushoto huko juu. Choezom alikuwa aje naye, ila mama yao alivimba miguu, na lazima mmoja abaki. Choezom ndiye aliyekata shauri: "Wewe una sauti, nenda kaitumie. Mimi nina subira, nitabaki na mama." Mama alipokufa, njia za milimani zilikuwa zimefungwa. Basi Choezom akawa anakusanya watoto wa kijiji katika zizi lao wakati wa baridi, shule zikifungwa, anawafundisha kuandika maandishi yetu, ambayo shuleni walikuwa hawayaoni tena. Askari wa watawala walimchukua mchana, mbele ya watoto hao. Ndugu hawakuambiwa kosa wala mahali. Ndiyo maana Norzom akaingia chama chetu, na kwa miaka sita akawa anapiga kelele neno moja: mwachieni.

Majira ya baridi ya mwaka huo wa sita tulikuwa Patna huko tambarare, tunauza sweta, mimi na yeye tumepanga vibanda viwili bega kwa bega. Picha ya Choezom alikuwa ameibandika kwenye nguzo ya kibanda, juu ya sweta za watoto. Akaja mwanamke wa kwetu, mfanyabiashara wa Kathmandu, jina lake Butri. Akaitazama picha, akasogea karibu.

"Unamjua?" Norzom akamwuliza.

"Huyu si yule mwalimu wa zizini?"

"Ndiye. Sema."

"Dada, mimi nimesikia tu. Usinishike kwa maneno yangu."

"Sikushiki. Sema!"

Butri akasema kwamba dereva mmoja wa lori aliyetoka upande ule alimwambia yule mwalimu alifia gerezani, mwili ukachomwa na askari wa gereza wenyewe, na jamaa wakaonywa wafunge midomo.

"Lini?"

"Hakusema. Pengine vuli hii. Pengine mwaka juzi. Dada, dereva alikuwa anakunywa chai ana haraka."

Norzom alikuwa anakunja sweta. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Mteja mmoja alikuwa anabisha bei toka asubuhi. Norzom akampa sweta kwa bei aliyoitaka yule mtu, bila neno. Hapo ndipo nilipojua moyo umepasuka. Norzom hajawahi kumwachia mtu sweta bila vita.

Alimpigia simu mjomba wao kule kijijini. Mjomba alipokea mara moja tu, akasema, "Sisi tuko salama. Usipige tena," akakata.

Tulirudi Dharamsala kabla ya mwaka wetu mpya. Nilimsindikiza monasteri, kwenye kile kidirisha wanakopokea majina ya kuombewa. Mtawa wa zamu alikuwa kijana mwenye mafua.

"Jina?"

"Choezom."

"Hai au marehemu?"

Norzom akakizungusha mkononi kitambaa cheupe cha kutolea sadaka.

"Mama, ni moja kati ya mawili. Nyuma yako kuna watu."

"Kama umesahau," mwanamume mmoja akasema nyuma yetu, "rudi nyumbani ukamwulize mwenyewe!" Watu wakacheka. Hawakujua. Nikamvuta mkono tukatoka kwenye foleni, mkononi bado ana kile kitambaa.

Kwetu maiti haachwi aende peke yake. Wiki saba roho inatangatanga katika giza isijue kwamba imekufa, na kila wiki sisi huwasha taa za siagi, na lama, mtawa mwalimu, huisomea njia: nenda, usigeuke, achia. Asiyesomewa hupotea. Lakini aliye hai huombewa maisha marefu, na dua hiyo humwambia kinyume: kaa, shika, usiende.

"Bibi, nifanyeje?" aliniuliza tukiwa tumekaa kwenye ngazi. "Nikimwombea maisha na kumbe amekufa, namvuta shati mtu aliye safarini. Nikimwashia taa za maiti na kumbe amelala kwenye sakafu ya saruji, mgonjwa, anashikilia uhai kwa kucha, mimi ndugu yake wa tumbo moja namwambia aachie?"

Nimezika wengi, baba yangu nilimzika kando ya barabara tuliyokuwa tukiichonga kwa nyundo tulipoingia nchi hii, lakini wote niliwazika nikijua siku.

Akaenda kwa lama mzee anayepiga ramli kwa dadu, yule anayekaa nyuma ya kiwanda cha mazulia. Lama alizishika dadu, akazipuliza, kisha akazirudisha mfukoni.

"Sizirushi."

"Kwa nini, mheshimiwa?"

"Wamekuja wengi kama wewe, mwanangu. Niligundua kwamba mkono wangu unazirusha kwa huruma. Zikawa zinasema hai, hai, hai. Chagua mwenyewe. Ukikosea, kosa hilo nibebeshe mimi."

Norzom alitoka hapo akiwa mweupe kama kitambaa chake.

Sasa niwaambie habari za Kunsang, mwenyekiti wetu. Ni mwanamke mwema, nalisema mapema ili mtu asije akamhukumu. Amesoma Delhi, anajua kuzungumza na wakubwa, na wengi wametoka gerezani kwa sababu majina yao hakuyaacha yalale. Alikuja chumbani kwa Norzom na mkate wa moto kwenye kitambaa.

"Norzom-la, tarehe kumi na mbili ya Machi, siku yetu wenyewe ya wanawake, wanakuja wabunge wanawake kutoka ng'ambo ya bahari. Wewe ndiye utakayezungumza."

"Kunsang-la, mimi sijui kama ninaye wa kumzungumzia."

"Butri ni nani hata umwamini? Habari ya dereva wa lori!"

"Na nani mwingine ameniletea habari?"

"Sikiliza. Ukimwashia taa za maiti, wale wa kule waliomfunga watasikia kesho yake. Watasema: mnadai nini, hata ndugu yake ameshamzika. Kama yu hai, hapo ndipo watakapommaliza. Maana hakuna anayemwulizia."

Norzom akakata mkate, akautia kwenye chai ya siagi, hakuula. "Nitazungumza," akasema.

Siku yenyewe ilifika na mvua ya mawe. Jukwaa lilifunikwa turubai. Wageni walikaa mbele wamejifunika mablanketi yetu, na Kunsang akasimama kando ya kipaza sauti ili atafsiri. Norzom alipanda na bango lake. Askari mmoja akapaza sauti, "Mama Sweta, leo nguvu zote!" Hakumjibu.

Akasema, "Miaka sita nimesema mwachieni mdogo wangu. Leo sisemi hivyo. Akiwa hai, nionyesheni uso wake. Akiwa amekufa, nipeni tarehe. Mwili siombi, nasikia mmeshauchoma. Majivu siombi. Tarehe tu. Hata mwuaji anaijua siku aliyoua. Niambieni siku, nijue pa kuanza kumhesabia wiki zake."

Nilisikia mawe yakigonga turubai. Kisha Kunsang akatafsiri, na wageni wakafuta machozi, wakapiga makofi, mmoja akapanda kumkumbatia Norzom.

Norzom hajui Kiingereza. Lakini neno la kuachia analijua, amelibeba kwenye mabango miaka sita. Na neno la tarehe analijua, kila mwaka huulizwa ofisi ya uhamiaji akienda kuonyesha kitabu chake cha mkimbizi. La kwanza alilisikia. La pili hakulisikia.

Alimfuata Kunsang nyuma ya jukwaa, kwenye masufuria ya chai.

"Hukusema tarehe."

"Nimesema linaloweza kutusaidia, Norzom-la. Tusigombane mbele ya wageni."

"Hukusema tarehe, Kunsang."

Wanawake waliokuwa wakimimina chai waliacha. Ile *la* ya heshima mwishoni mwa jina kwetu hatumwondolei mtu mzima. Tunawaondolea watoto na mbwa.

Kunsang akaweka kikombe chini. "Serikali za wageni hawa zina mlango wa kuombea walio hai. Unabisha hodi, unajibiwa. Mlango wa kuomba tarehe ya kufa hawana. Nikisema unaomba tarehe, kesho jina la Choezom linafutwa pamoja na wale waliokwisha. Mimi sitalifuta kwa ulimi wangu."

"Kwa hiyo asife, kwa sababu mlango hakuna?"

"Usinigeuzie maneno."

"Wale kule wamenyamaza, mjomba amenyamaza, dadu zimenyamaza, na wewe uliyepewa sauti yangu uipeleke, umeiacha njiani." Akalilaza bango chini. "Basi tarehe nitaiweka mimi. Leo. Mdogo wangu amekufa leo."

"Mwanangu, usitamke hivyo," nikasema.

"Nimetamka, Bibi. Kama hakuna wa kuniambia, nimejiambia."

Jioni ile alivua hereni za marijani, akafumua nywele kama mfiwa, akaenda mwenyewe kwenye kidirisha cha monasteri na kutaja marehemu. Taa zikawashwa chumbani kwake, na lama mzee akaja kusoma. Kunsang naye alikuja, amebeba siagi, akakaa karibu na mlango. Machozi yalimtoka.

"Ukilia, kalilie nje," Norzom akamwambia. "Chozi la walio hai humwangukia maiti njiani kama mvua ya mawe. Leo amenyeshewa ya kutosha."

Kunsang akatoka. Akalia nje, kisha akarudi kushikilia utambi. Hawakuombana radhi. Kila wiki alikuja.

Wiki ya nne, mchana, tulikuwa tunafuta vikombe vya taa, simu ya Norzom ikalia. Namba ilikuwa ya kule. Akaipokea, akaongeza sauti ili sote tusikie. Hakusema mtu. Ilikuwa kama upepo, au kama pumzi, halafu kikohozi kidogo, cha mwanamke au cha mtoto, siwezi kuapa.

"Choezom?"

Ikakatika. Akapiga, akapiga tena, namba haipatikani.

Kunsang alimshika mabega. "Yu hai! Norzom-la, mfu hapigi simu!"

"Na mfungwa?" Norzom akasema. "Mfungwa hupiga?"

Kunsang akamwachia mabega. Norzom akazigeukia taa.

"Nikizizima na kumbe amekufa, nimemtupa katikati ya njia," akasema. "Nikiendelea na yu hai, basi namsukuma mimi, kwa mkono huu." Akautazama mkono wake. Moja ya taa ilikuwa inaanza kufifia. Akakaa akiitazama, mpaka nikadhani ataiacha ife. Kisha akachukua siagi kwa kijiko, akaiongeza.

Wiki ya saba ikaisha. Kwetu, siku hiyo wanawake humwendea mfiwa na maji ya moto na blauzi mpya, wakamwosha nywele ambazo hakuziosha tangu msiba, na msiba unaishia hapo. Tulikwenda. Alitufungulia, akaketi kwenye kigoda, akainama. Kunsang alishika jagi. Maji yalipokaribia kichwa, Norzom alilidaka jagi kwa mikono miwili.

"Msinioshe."

"Norzom-la, zimekwisha zote saba. Lama amefunga kitabu."

"Mkiniosha, atakuwa amekufa kweli."

"Si wewe uliyeitaja siku?"

"Niliitaja asitembee peke yake. Sikusema kwamba nimekubali."

Kunsang hakulivuta jagi, wala Norzom hakuliachia. Walikaa hivyo, wamelishika pamoja. Maji yalipoa, tukayapasha, yakapoa tena. Jioni tuliyamwaga nje, tukaiacha blauzi juu ya kitanda, tukarudi makwetu.