Pasi kwa Mtoto wa Lori

Siku ya kwanza nilipowaona watoto wale wakicheza mpira, mmoja alivunjika kidole cha mguu. Mpira ulikuwa wa matambara, umefungwa kwa kamba za katani, na ndani yake mtu alikuwa ametia jiwe. Mtoto wa darasa la tatu aliukimbilia, akaupiga kwa nguvu zake zote, akaanguka palepale akiwa ameshika mguu. Wa upande wa pili walicheka. Kabla sijafika, wenzake walikuwa wamekwisha kung'oa miti ya goli na wanawapiga nayo wale waliocheka.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeripoti kazini, mwalimu wa kike mpya kutoka Lindi mjini, katika kijiji cha ujamaa kilicho mbele kidogo ya Njinjo. Nusu ya watu wa pale walikuwa wenyeji. Nusu nyingine waliletwa kwa lori kutoka vitongoji vya mbali, na nyumba zao za zamani zilichomwa nyuma yao ili wasirudi. Wenyeji hawakupenda kugawana mashamba. Walioletwa hawakusahau ni nani aliyeshika kiberiti. Watoto wao walikaa darasa moja, na wale wageni waliitwa wa lori, hata mwalimu mkuu aliwaita hivyo asipojiangalia.

"Mwalimu, hiyo ni vita ya baba zao," mwalimu mkuu aliniambia jioni ile huku tukimfunga yule mtoto kidole kwa kijiti na kitambaa. "Michezo nakupa wewe, maana hakuna anayeitaka."

Hakujua kwamba mimi mpira naujua. Nilikulia Rasbura, mtoto wa kike peke yangu katikati ya kaka, nao walinitia golini kwanza, kisha wakagundua kuwa napiga chenga kuliko wao. Baba alinikuta siku moja nimekunja gauni kiunoni namvisha kanzu mtoto wa jirani, mpira umepita juu ya kichwa chake na mimi nimeupokea nyuma. Alinichapa kwa mkanda mpaka mama akaingia kati. Jeraha lilipokauka nikarudi uwanjani.

Jambo la kwanza nililofanya pale kijijini ni kukataza mechi. Niliwaambia watoto hakuna magoli wala timu mpaka kila mmoja aweze kuutuliza mpira kwa mguu. Wazee walinionyesha mibungo porini. Ukiukwaruza mmea ule unatoa utomvu mweupe, unajipaka tumboni, ukikauka unaubandua na kuuviringisha, na baada ya siku chache una mpira unaodunda kuliko wa dukani. Tulitengeneza mingi, midogo, ya kuwatosha watoto wawiliwawili. Nikachomeka uwanjani vijiti vya mihogo nilivyovichonga ncha, wapite katikati yake na mpira, mara kwa ndani ya mguu, mara kwa nje, mara kwa unyayo. Niliinua vidole, na mwenye mpira alitakiwa aseme ni vingapi bila kusimama na bila kutazama chini.

Kazi ilikuwa kwenye wale wawiliwawili. Nilimpanga kila mwenyeji na wa lori. Mpira ukitoka nje ya mstari, wote wawili wanakwenda kuteka maji. Wiki za mwanzo hawakucheza, walipigana tu. Walipigana mateke ya ugoko wakisingizia wanakosa mpira. Msichana mmoja alimtia mwenzake mchanga machoni. Nilipowaachanisha wengine wawili, mmoja aliniuma kifundo cha mkono, na alama za meno yake ninazo mpaka leo. Sikushika fimbo, na hilo liliwashangaza. "Huyu hapigi," waliambiana mbele yangu, wakazidi.

Wawili walionitesha kuliko wote walikuwa wa darasa la tano. Mmoja alikuwa mtoto wa kamanda wa mgambo wa kijiji, mrefu, akipiga mpira ana mkwaju wa kutisha. Mwingine alikuwa wa lori, mfupi, ana kovu la moto kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Siku nyumba yao ilipochomwa alirudi ndani kumtoa mbuzi. Na aliyeongoza uchomaji alikuwa huyo huyo kamanda. Kijiji kizima kilijua.

"Mwalimu, nipange na mwingine," mtoto wa kamanda aliniambia.

"Kwa nini?"

"Huyu akinitazama, najua anachofikiri."

"Na wewe?" nilimuuliza yule mfupi.

"Mimi sitaki kuzungumza naye," alisema.

"Hakuna anayekutaka uzungumze. Mpe mpira."

Alimpa, kwa dochi, kwa ncha ya vidole, mpira ukampiga mwenzake tumboni. Mwenzake akamrudishia wa usoni. Damu ikamtoka puani, akaifuta kwa mkono wenye kovu, akaufuata mpira, akaupiga tena. Waliendelea hivyo siku nyingi, mpira ukiwa silaha yao. Lakini ili umlenge mtu sawasawa lazima uutulize kwanza, na bila kukusudia wakajifunza. Mmoja akawa hapokei kwa kifua tena, anaukata mwendo kwa paja. Mwingine akajua kuutoa kwa ndani ya mguu, chini chini. Jioni moja niliwaona wanapasiana kuvuka uwanja mzima bila mpira kusimama, nyuso zao zimekunjamana kwa hasira ile ile. Sikuwasemesha kitu. Niliogopa wasije wakagundua wanachokifanya.

Niliporuhusu mechi, niliwaweka wale wawili upande mmoja. Watu wakaja kutazama. Mtoto wa kamanda alipata mpira pembeni, akampiga beki tobo, mpira ukapita kati ya miguu yake, akabaki yeye na golikipa. Angeweza kufunga. Akautoa kwa yule mfupi aliyekuwa peke yake, naye akafunga.

Kamanda alikuwa amesimama kwenye mstari na rungu lake. Aliingia uwanjani bila haraka. Alimshika mwanawe ukosi na kumpiga rungu la mgongo, kisha la mguu, ule wa kulia.

"Unampa nani?" alimuuliza. "Nakuuliza, unampa nani?"

Rungu la tatu lilimwangusha chini. Nilikimbia nikasimama kati yao.

"Kamanda, huyu yuko mikononi mwangu saa hizi."

"Mwanamke, toka."

"Sitoki."

Nakumbuka sauti kabla ya maumivu, kama kuni kavu inavyovunjwa gotini. Taya langu lilihama upande. Nilipiga magoti na meno yakanimwagikia mkononi na damu. Nilipoinua macho, watoto walikuwa wanakuja. Walikuja wote, wa lori na wenyeji, wamechanganyika kama walivyokuwa wanacheza. Wakamvamia. Wengine walining'inia mikononi mwake, wengine miguuni, wakamwangusha, wakaanza kumpiga mateke. Hawakupiga ovyo. Walipiga kwa mguu nilioufundisha mimi, kifundo kikiwa kimekazwa. Wazazi walisimama kwenye mstari, hakuna aliyesogea.

Nilitambaa nikaanza kuwavuta mmoja mmoja kwa nguo. Sikuweza kupiga kelele, mdomo haukufunguka. Kila niliyemtoa alirudi. Ndipo nikamwona mtoto wa kamanda amesimama kwa mguu mmoja, ameng'oa pembeni mwa uwanja kijiti cha muhogo kilichochongwa ncha. Baba yake alikuwa akijaribu kuinuka. Akamchoma nacho jichoni.

Kelele aliyoipiga kamanda iliwatawanya wote. Uwanjani tukabaki mimi, kamanda, mwanawe na yule mfupi. Yule mfupi alivua shati lake, akalikunja, akaligandamiza kwenye jicho la mtu aliyemchomea nyumba. Mpaka leo sijui alifanya hivyo kwa huruma au kwa hofu.

Mimi na kamanda tulipelekwa hospitali ya wilaya kwa lori moja la pamba, tumelala juu ya magunia, kila mmoja upande wake. Njiani alinitazama kwa jicho lililobaki.

"Ulimwona aliyenichoma?" aliuliza.

Taya langu lilikuwa limefungwa kitambaa. Nikatikisa kichwa kukataa.

"Mimi nilimwona," alisema, akageukia upande wa pili.

Tuliporudi, halmashauri ya kijiji ilitukalisha. Watoto walipangwa mbele, na viboko vililetwa vikalazwa mezani. Mwenyekiti alimtaka kamanda amtaje aliyemtoa jicho. Mtoto wake alikuwa mwisho wa mstari, amefungwa banzi mguuni, akamtazama baba yake bila kupepesa. Nilidhani atamtaja. Nilijua adhabu zake.

"Hakuna mtoto aliyenigusa," kamanda alisema. "Nilijikwaa kwenye vijiti vya mwalimu. Uwanja gani una vijiti vilivyochongwa? Mwondoeni huyu mwanamke, anatuua."

Watu wote waliokuwa pale waliona ilivyokuwa siku ile. Hakuna aliyempinga, na mimi nilikuwa bado siwezi kuzungumza. Hata ningeweza, ningenyamaza. Viboko viliondolewa mezani. Barua ya uhamisho ikaja, nikapelekwa Kikole.

Kikole nilianza upya na watoto wengine, ila vijiti vyangu sasa sikuvichonga. Mwaka uliofuata tulialikana na kile kijiji cha zamani kwa mechi. Walikuja kwa miguu, wale wawili wakiwa wamerefuka. Walicheza vizuri hata nikaona uchungu kwamba si wangu tena. Kipindi cha pili winga wangu mdogo alimpora mtoto wa kamanda mpira kwa chenga safi. Yule akamfuata, akamkata mguu kwa nyuma kwa makusudi, na akamwinamia ngumi imeinuliwa. Nilisikia mfupa ukilia, nikaanza kukimbia.

Yule mfupi alifika kabla yangu. Alimvuta mwenzake kwa shati na kumzaba kofi, kisha la pili.

"Usiwe baba yako," alimwambia.

Mtoto wa kamanda alishusha ngumi. Alikaa chini kwenye mchanga, akamsaidia winga wangu kunyoosha mguu, akaniangalia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Baba hajambo?"

"Hajambo. Hatuzungumzi."

"Anakupiga?"

Alifikiri kidogo. "Siku hizi hapigi. Ananitazama tu."

Tulimbeba winga mpaka kivulini, nikaingiza mwingine, mechi ikaendelea, na wakatufunga. Mguu wa winga wangu ulichukua miezi kupona. Alipoweza kukanyaga nilimrudisha mazoezini na kumwanzisha kwa mguu wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado unamuuma.