Kisima cha Simai

Hapa Kiponda, mtu akitaka kofia ya harusi iliyodariziwa kwa mkono, si hizi za mashine zinazotatuka kabla bwana harusi hajatoka msikitini, humwendea Bi Mayasa. Mlango wake na wangu inatazamana, na uchochoro wenyewe ni mwembamba, hata mtu akipiga chafya kwao mimi huku namwombea dua. Kwa hiyo mambo yake nayajua, na hii ninayoieleza niliiona kwa macho yangu.

Mume alimfia zamani. Mtoto alikuwa mmoja tu, Simai, aliyekuwa akitembeza wageni katika msitu wa Jozani na kuwaonesha kima punju. Kijana mcheshi, mwenye meno mazuri. Skuta ikamuua akirudi kazini. Hakuwa ameoa, hakuacha mtoto. Watu tukaja, tukasoma hitima, tukala wali, tukaenda zetu.

Bi Mayasa akabakia na hofu moja, na hakumficha mtu.

"Mie nkishakufa, Zeyana," aliniambia, "nani atamwombea mwanangu? Hapana atakayelitaja jina lake duniani."

Ndipo alipoazimia kumtolea sadaka jaria, sadaka ambayo thawabu zake humfikia maiti kaburini maadamu watu wanaendelea kufaidika nayo. Akauza dhahabu zake zote za harusi, hata kidani alichoachiwa na mama yake, na akaanza kutafuta jumuiya ya kuikabidhi amana hiyo.

Alivyochagua, ungedhani anamwozesha bintiye. Nami nasema wazi kwamba jumuiya zimenichosha. Siku hizi kila mwenye mhuri na kiti kimoja ana jumuiya ya mayatima, na mayatima wenyewe ukiwauliza hawamjui. Lakini Bi Mayasa alimkaribisha kila aliyekuja, akampa kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja.

"Jina mtaliandika?"

Bi Bashira, mama mmoja mwenye sauti ya ukali, aliponzwa na swali hilo. Yeye na wenzake walikuwa na gari moja bovu la kuwakimbiza hospitali wajawazito wa mashamba. Gari lilihitaji injini. Niliwahi kumwona mwenyewe akilisukuma, buibui limekunjwa kiunoni, mzazi analia ndani.

"Sie hatuandiki majina, Bi Mayasa," alijibu. "Mwenyezi Mungu anamjua aliyetoa na aliyetolewa."

Alipoondoka nikamwambia shoga yangu kwamba huyo ndiye. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Wewe una wajukuu saba, Zeyana. Wewe jina la nini?"

Nikakusanya vikombe vya kahawa, nikaenda kuviosha.

Kisha akaja Ridhwan, mtoto wa watu, mpole, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Jumuiya yake ilichimba visima vijijini na kila kisima kiliwekwa kibao cha marehemu. Alimwonesha Bi Mayasa picha kwenye simu: watoto wanacheka, maji yanaruka, jina linang'aa juu. Bi Mayasa akazitazama picha zile huku machozi yanamtoka. Alichoomba ni kitu kimoja tu, kibao kiwe cha marumaru na jina lichongwe kwa kina, lisije likafutwa na mvua.

Sitaki nimsingizie Ridhwan. Kisima alichimba. Kijiji kilikuwa huko kaskazini, karibu na pwani yenye mahoteli, na siku ya kukifungua alituma picha. Maji yalikuwa matamu, na mwanamke mmoja kwenye picha alikuwa ameinua mikono anaomba dua. Bi Mayasa aliisafishisha picha ile kwa mpiga picha, akaitia fremu, akaitundika mbele ya mahali anapokaa kudarizi. Kwa miezi mingi nilimwona ana raha. Kila akinywa maji alisema, "Na huko wanakunywa."

Baada ya Idi akataka kwenda kukiona. Mpwa wangu Ame ana gari, akatuchukua. Bi Mayasa alivaa kanga mpya na akabeba kikombe cha Simai cha bati, ayanywe maji ya mwanawe kwa kikombe chake.

Kisima tulikikuta pembeni mwa njia, kizima, kimepakwa chokaa. Jina lilisomeka tangu mbali: SIMAI. Lakini hapakuwa na mtu wala ndoo, na majani yalikuwa yameota mpaka kwenye bomba. Bi Mayasa alifungua, akajaza kikombe, akakipeleka mdomoni.

"Usinywe, bibi!" Mwanamke mmoja alikuwa akipita na dumu kichwani, ametoka nalo mbali, jasho linamtiririka. "Hayo chumvi tupu. Mahoteli yanavuta maji mchana na usiku, bahari imeingia. Miezi mitatu tu tuliyafaidi."

"Ridhwan hamkumwambia?" nikauliza.

"Tulimwambia. Alisema fedha za kisima hiki zishakwisha, wanachimba kwengine kwa wafadhili wengine." Akakitazama kibao, akatema mate. "Mwanangu alikunywa hayo, akaharisha mpaka tukamkatia tamaa. Mungu amlaani huyo Simai wao. Kila anayeyaonja humlaani. Tajiri gani huyo, anatupa maji ya bahari na jina lake juu?"

Bi Mayasa aliyamwaga maji, akakiweka kikombe chini. Aliinama, akaokota jiwe, akaanza kukikwaruza kibao. Alikwaruza kwa nguvu zake zote, mzee wa watu, kanga imemwanguka mabegani, vidole vinatoka damu, vidole vile vya kudarizi. Marumaru ikachubuka kidogo pembeni. Jina halikuguswa, lilikuwa limechongwa kwa kina. Nilimshika mkono, akanisukuma. Ame aligeuka, akatazama kwengine. Moyo uliniuma, na hasira sikujua nimtupie nani.

Alipochoka, aliliacha jiwe likaanguka. Akamwendea yule mwanamke, akapiga magoti mbele yake mchangani.

"Mwanangu, nakuomba umsamehe."

"Nimsamehe nani?"

"Simai. Hakuwa tajiri. Hata hakujua kama kuna kisima. Keshakufa, mie ndiye niliyemchagulia."

Mwanamke alilitua dumu lake chini polepole. Alimwinua Bi Mayasa, akamfuta mchanga magotini, akamimina maji yake matamu ndani ya kile kikombe cha bati, akampa anywe. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mie nshamsamehe, mama," alisema. "Lakini wenzangu ni kijiji kizima, na wengine ni wapita njia, wanaonja na kwenda zao. Hao utawapata wapi?"