Nilikuwa Chini ya Miguu ya Mgeni Rasmi

Siku mgeni rasmi anakata utepe wa choo kipya cha zahanati yetu, mie nilikuwa ndani ya shimo la choo hichohicho.

Chini ya miguu yake.

Sijalewa. Nisikilizeni.

Mwaka tisini na nne, Temeke. Kazi yangu ilikuwa kutapisha vyoo. Naingia shimoni na ndoo, natoka na mavi ya watu. Shule niliishia la nne, lakini choo nakijua kuliko injinia.

Mke wangu Mwajabu alikufa kwa kipindupindu kwenye zahanati hiyo. Choo kilikuwa kimefurika mpaka mlangoni, wagonjwa wanakanyaga. Kamati ya zahanati ipo, mwenyekiti yupo, anaitwa Mwinjuma, ana tumbo na kalamu mfukoni. Tangu siku ile nikiona kiongozi natema mate.

Nilichoweza kumfanyia marehemu ni kumjengea kaburi, nikalisakafia vizuri. Basi.

Aliniachia binti mmoja, Najma, kidato cha tatu.

Shuleni kwao akaja mwalimu kijana, Apolinari, mtu wa bara. Yeye alisema mwanafunzi hakui kwa kukariri tu. Alfajiri mchakamchaka, jioni ngonjera na kuchora, Jumamosi kujitolea. Wakachagua kuchimba choo cha zahanati.

Wamechimba wenyewe, futi tano, mpaka wakakuta maji ya chumvi. Najma anarudi viganja vimetoka malengelenge, anacheka. Tangu mama yake afe sikuwahi kumwona anacheka vile.

Wafadhili wakaleta mifuko kumi ya saruji. Watoto wakachonga mhuri wa kiazi, wakagonga kila mfuko alama ya jembe kwa wino wa bluu. Najma alinisimulia wee. Mie naitikia tu, akili iko kwingine.

Saruji ikatunzwa kwa mwenyekiti. Fundi akaletwa na mwenyekiti.

Siku moja kabla ya sherehe nikapita pale na mti wangu wa kazi. Nikagonga sakafu ya choo.

Ikalia kama debe.

Nikaingiza mkono kwenye tundu, nikapapasa kwa chini. Hakuna nondo. Mabanzi ya mbao, juu yake zege jembamba kama chapati.

Nikamfuata Mwinjuma. Nikamwambia watu watazama. Akaziba pua kwanza.

"Mzee, kwenye choo unaitwa kikijaa. Hiki hakijajaa."

Waliokaa naye barazani wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mwalimu Apolinari nikamweleza, akapauka. Akaenda kuomba sherehe iahirishwe, akaambiwa akitaka kurudishwa kwao aendelee kuongea.

Nikarudi kwa Najma. Yeye ndiye alipangwa kusimama mle ndani na mgeni, aghani ngonjera ya usafi. Nikamkataza.

"Baba, sie ndo tumechimba. Nikikimbia mie, nani asimame?"

Mtoto wa Mwajabu yule. Kichwa kigumu.

Kesho yake asubuhi, ngoma zinapigwa mbele, mie nikazunguka nyuma, kwenye tundu la kutapishia. Nikajishusha na magogo mawili. Nikayasimamisha chini ya sakafu, katikati nikaweka bega langu.

Maji ya chumvi yananifika magotini. Panya kafia humo, kavimba, ananigusagusa paja. Nimezoea uchafu, lakini siku ile nilitapika.

Wakaingia. Vumbi la zege likanimwagikia machoni. Ubanzi mmoja ukalia, nikasukuma kwa shingo. Nikaisikia sauti ya mwanangu juu yangu, haitetemeki hata kidogo.

Alipomaliza, mgeni akagonga kiatu mara mbili.

"Hongera mwenyekiti. Hii ndiyo kazi ya viwango."

Watoto hawakutajwa.

Walipotoka tu, Mwalimu Apolinari akaugongelea mlango wa choo misumari, asiingie mtu mwingine.

Nilifika nyumbani nanuka, nina hasira. Nikamwambia Najma kesho naenda kata, namvua nguo Mwinjuma mbele ya watu. Mwizi yule. Kala jasho la watoto.

Najma alikuwa anavalisha daftari lake karatasi ya mfuko wa saruji, kama wanafunzi wote enzi zile. Akaligeuza daftari, akalisukuma mbele yangu.

Jembe. Wino wa bluu.

"Karatasi hii nimeitoa chini ya godoro lako, baba."

Mwezi mmoja nyuma, kijana wa Mwinjuma alipita na mkokoteni. Mifuko miwili, bei ya kutupa. Sikuuliza imetoka wapi. Ile alama nikadhani ya kiwandani. Na nilitaka kaburi la Mwajabu lisakafiwe.

"Kumbe mama kafunikwa na choo chetu," Najma akasema.

Alisema taratibu. Afadhali angenipiga.

Kata nilienda kweli, na daftari lile mkononi. Nikaanza na jina langu, ndipo nikalitaja la Mwinjuma. Yeye hawakumfanya kitu. Mie niliwaletea watoto mifuko miwili, nimeibeba kichwani, Mwalimu akachangisha iliyobaki, sakafu ikamwagwa upya. Najma alinisemesha baada ya Idi mbili.

Wakubwa bado nawatemea mate, sijaacha. Ila wewe unayesoma hapa, kitu cha bei ya kutupa kikija mlangoni kwako, fungua mdomo uulize. Mie nilinyamaza, na mwanangu akasimama juu ya mabanzi.