Chai Iliyopauka ya Siok Hiang

Niseme mapema: mimi ni jirani yake Siok Hiang, na niko upande wake. Anayetaka hadithi isiyo na upande akamuulize shemeji yake, Teng Kok, yule fedhuli.

Mumewe Siok Hiang alipofariki, hata udongo wa kaburi haujakauka, Teng Kok alipanda mlimani akazungushia uzio mti wa chai wa marehemu kaka yake. Mchai mmoja tu, mkongwe, mrefu kupita paa. Hapa kwetu, kwenye milima ya Fenghuang, kila mchai mkongwe una harufu yake na huvunwa peke yake. Ule ulikuwa wa harufu ya lozi, na utamu wake hubaki kooni muda mrefu baada ya kikombe kukauka.

“Mjane asiye na mtoto wa kiume atarithi nini, shemeji?” Teng Kok alimwambia. “Ukitaka kuni, njoo uokote.”

Kuni! Kumwambia hivyo mwanamke ambaye ndiye aliyeyaanika majani yale juani, akayatikisa kwenye nyungo mpaka kingo za majani zikawa nyekundu, kisha akayakausha kwa moto wa mkaa, polepole, bila kubanduka. Baadaye, akichambua vijiti kwenye majani ya chai, aliniambia waziwazi: “Nautaka mti wangu. Na kabla sijafa nataka nimwone yule mtu amedhalilika mbele za watu.”

Akasubiri. Miaka ikapita, Bun Hau, mtoto wa Teng Kok, akapata mchumba kwenye ukoo mkubwa wa chai, ng'ambo ya mlima. Kijana mwema yule. Baba yake akipa kisogo, alikuwa akimbebea mama yake mkubwa, Siok Hiang, magunia ya mkaa. Lakini wakwe walikuwa wamesikia minong'ono, wakataka kwanza kumwona mjane. Teng Kok akawaleta, meno yote nje. Mimi nilikuwepo, nilijipa kazi ya kuchochea moto.

“Huyu shemeji yangu namtunza kama dada wa tumbo moja,” akasema akijikalisha.

“Karibuni,” akasema Siok Hiang. “Kaa, shemeji. Chai ipo.”

Akafungua kopo la mwisho la chai ya mti ule, waliyoitengeneza pamoja mumewe akiwa hai. Akajaza birika dogo, akamwagia maji ya moto, akamimina kwenye vikombe vitatu vidogo, idadi yetu ya desturi hata wageni wakizidi. Bibi yake yule mchumba akanusa, akafumba macho.

“Lozi,” akasema. “Mti huu unatunzwa na mtu anayeupenda.”

Siok Hiang akawanywesha wakwe, akaongeza maji, akawanywesha tena, na tena, hadi majani yakaishiwa na chai ikapauka. Kwetu hapo mwenyeji hubadilisha majani. Asipobadilisha, akakumiminia maji yale yale, amekwambia inuka uende zako. Hakubadilisha. Akamsogezea Teng Kok kikombe chake cha kwanza.

“Shemeji, umesahau majani,” Teng Kok akasema, akijichekesha.

“Sijasahau. Hayo ndiyo uliyoniachia ulipoiba mti wangu. Kunywa.”

Bibi akaweka kikombe chake chini. “Teng Kok, mti ni wa nani?”

“Aa, haya ni mambo ya ukoo tu, bibi.”

“Anayemwibia mjane wa kaka yake, atamfanyia nini mjukuu wangu?” Bibi akainuka, na wenzake wote wakainuka. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na sijatubu.

Uchumba ukavunjika. Wazee wa ukoo, kwa aibu, wakamlazimisha Teng Kok kung'oa uzio kwa mikono yake, na masika yaliyofuata Siok Hiang akavuna mti wake.

Mwaka mpya Bun Hau akaja kumwamkia. Siok Hiang akatia majani mapya, ya mti ule ule, akammiminia wa kwanza. Nyumba nzima ikanukia lozi. Kijana hakukigusa kikombe. Alikitazama mpaka mvuke ukaisha.

“Nilimpenda yule binti, mama mkubwa,” akasema. “Ungeniambia tu. Siku baba akifa, ningekurudishia mti mimi mwenyewe.”

Akaaga kwa heshima, akaondoka.

“Kijana mjinga,” akasema Siok Hiang. “Anaacha chai nzuri hivi.” Kisha akalia, yeye ambaye hata kwenye mazishi ya mumewe sikuona chozi lake.