Mkongojo wa Tluway
Lori la ngano lilinishusha Haydom nikiwa na mguu uliovunjika, katika mji ambao sikuujua hata kwa jina. Hospitalini nikalazwa karibu na Tluway, fundi wa mashamba ya ngano ya Hanang, aliyeanguka kutoka juu ya kombaini, mashine ya kuvunia, miezi mitatu nyuma. Mkongojo wake ulichongwa kwa ubao wa sanduku la vipuri, na neno moja la Kiingereza lilikuwa bado linasomeka: "upright".

"Wewe unayejua lugha nyingi, hili lina maana gani hasa?" Tluway aliniuliza.

Nikamwambia kwamba likiandikwa kwenye sanduku linaagiza sanduku lisilazwe. Nguzo iliyosimama wima huitwa hivyo, na mtu asiyeiba pia.

"La mtu waachie mapadri. Mimi nataka la sanduku. Kesho baba anakuja kunichukua. Nililetwa hapa nimelala kama gunia, lakini shikamoo yake nitaitoa nimesimama."

"Gunia lenye maneno mengi," alisema nesi Zita. "Hata mlangoni hufiki."

"Ni hatua tisa, sista. Nimezihesabu kwa miguu yako."

Asubuhi baba yake, mzee Qamara, alisimama mlangoni, kofia mkononi. Tluway akamwendea polepole, jasho likimtiririka. Kwenye hatua ya saba aliyumba. Zita akanyoosha mkono, lakini Tluway akatikisa kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Twende, basi linatungoja."

Wakaondoka bega kwa bega. Mimi nilibaki kitandani, nikisikiliza mkongojo ukigonga sakafu mpaka nje.