Wimbo wa Ludwika Usioguswa

Ludwika Gawron ni dereva wa tramu mjini Bydgoszcz. Kwa miaka mingi, kila kongamano letu la wapenzi wa hadithi za sayari na mazimwi, huja na wimbo mmoja tu, wa mjane wa mchimba madini mwezini, maneno yake mwenyewe juu ya muziki wa kale wa harusi za kijijini.

Kwetu wimbo huishi kwa kuibwa. Unatunga, mwenzio anaongeza ubeti, wa tatu anauharibu, na ndivyo unavyofika hadi mji wa Gdańsk bila wewe. Ludwika alikataa katakata. Aliyethubutu kubadili neno alinyamazishwa mbele ya watu.

Mimi huuza majoho ya kichawi na dadu za michezo mlangoni mwa shule tunayokodi kwa kongamano. Jumamosi alinijia mezani, skafu shingoni, na joto lote lile.

"Jumanne wananipasua shingo," alisema. "Daktari anasema sauti huenda isirudi. Naogopa, Halszka. Tramu hata bubu anaendesha, lakini wimbo je?"

"Uache uibwe."

"Wauharibu?"

"Bibie, joho nililolificha kabatini liliishia kwa nondo. Nililouza linatembea mjini, hata kama mnunuzi kalikata mikono."

"Wewe kila kitu soko."

"Na wewe kila kitu kufuli."

Jumapili baada ya chakula cha mchana tulibanana darasani kwenye viti vya watoto. Akaimba. Ubeti wa pili sauti ikakwaruza, ikakatika.

Hakuna aliyeipokea. Chumba kizima kinaujua wimbo ule, na chumba kizima kilitazama viatu, maana ndivyo alivyotufundisha. Ludwika alishika koo, uso umemsawajika, akausikiliza ule ukimya kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake.

"Pokeeni," alinong'ona. "Mnangoja nini?"

"Utatung'ata," alisema Witold, mpiga gitaa.

"Sing'ati. Imba, mzee."

Witold akaanza polepole, wengine wakafuata. Kwenye ubeti wa mwisho wakampa mjane paka, ambaye Ludwika hakumtunga. Walivyoupokea kwa pamoja, nikajua wameuimba hivyo kwa siri muda mrefu. Ludwika alifumba macho.

"Huyo paka," aliuliza walipomaliza, "analala wapi huko mwezini?"

"Ndani ya kofia ya marehemu," Witold akajibu.

"Rudieni hapo. Ubeti huo sijaushika."